Mjomba alipona ukoma zamani, watu bado wanamkimbia. Naombeni ushauri

Mama Mbaazi (mwanzisha uzi)

Shalom wana jukwaa, na salaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu, leo limenifika la kuandika.

Nipo Masasi, si mbali na stendi. Mkristo wa Anglikana, nina mume na watoto watatu. Kazi yangu ni kupika: asubuhi chai, chapati na maandazi, mchana wali, ugali, mbaazi za nazi na samaki. Nauzia barazani kwangu.

Mwezi wa tatu mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya mjomba wangu kule kijijini, upande wa Newala. Nikamfuata. Huyu na marehemu mama ni tumbo moja. Wanaozijua mila zetu Wamakua wanajua mjomba ni nani: posa yangu ilipoletwa yeye ndiye aliyekaa mkekani kuipokea, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho yake. Kumwacha alale chini ya turubai nisingeweza, na mume wangu, namshukuru Mungu, hakutia neno.

Sasa shida. Mjomba aliugua ukoma ujanani. Alitibiwa akamaliza dawa, ni miaka ya tisini hiyo, na kadi yake ya kliniki bado anayo kwenye mfuko wa nailoni, ameikunja kama hati ya shamba. Ila alichelewa kwenda hospitali, kwa hiyo vidole vya mkono wa kulia ni vifupi na unyayo mmoja una kidonda, kinafunga, kinafunguka.

Kanisani kwetu tunashiriki kikombe kimoja cha divai. Jumapili ya kwanza alipokwenda kupiga magoti mezani pa Bwana, watu wawili waliokuwa nyuma yake waligeuka wakarudi kukaa. Wiki iliyofuata mama mmoja tunayeimba naye kwaya akanivuta pembeni, sauti ya chini, tena ya upole: "Mwambie mjomba wako awe anakunywa wa mwisho." Nikanyamaza. Sikumwambia mjomba kitu. Lakini mzee ana macho. Tangu siku ile anakaa benchi la nyuma kabisa na anakwenda mezani wa mwisho, peke yake.

Nyumbani nako, alikuwa anakaa chini ya mwembe mbele ya baraza ananichambulia mbaazi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza huku anacheka, "Mama, huyu ndiye anayekanda chapati?" Wenzake wakacheka. Kesho yake hawakuja. Nilikuwa namaliza kilo nne za unga asubuhi, sasa mbili zinabaki. Nikamwomba mjomba, kwa adabu zote, awe anakaa uani mpaka wateja wa mchana watawanyike. Akasema, "Sawa mwanangu, hata huko kuna kivuli." Uani kwangu hakuna kivuli.

Naomba ushauri wa aina mbili. Nifanyeje na watu wa kanisani bila kuleta ugomvi? Na je, nimekosea kumpeleka uani? Watoto wanataka kula na kusoma, na mume wangu hana mshahara.

Njomba Halisi

Nakaa mkao wa kula. Huku kusini kila mtu tunamwita njomba, mpaka konda wa basi, halafu njomba mwenyewe wa damu tunampeleka uani. Haya.

Jiko la Faida

Dada, mimi nitasema ambalo wengine wataona aibu kulisema. Biashara ya chakula ni macho. Mteja hana kosa, anakula kwa macho kwanza. Mpangie mzee chumba mtaa wa pili, mpelekee chakula mara tatu kwa siku, nenda kamsalimie. Hujamtupa, na jiko lako linasimama. Upendo bila unga haulishi mtu.

Sista Mstaafu

Jiko la Faida, hicho chumba utalipia wewe?

Mama Mbaazi, mimi ni muuguzi, nimestaafu, nilifanya kazi miaka mingi mkoani Lindi, na ukoma nimeuona kwa macho si kwa vitabu. Ngoja niweke mambo sawa maana hapa hofu ni nyingi kuliko elimu.

Ukoma ni bakteria. Daktari wa Norway aitwaye Hansen alimgundua mwaka 1873, kwa hiyo si laana, si kurogwa, na si wa ukoo. Unaenea kwa njia ya hewa, kutoka kwa mgonjwa ambaye HAJATIBIWA, tena ukikaa naye karibu kwa muda mrefu. Hata hapo, zaidi ya watu 9 katika kila 10 miili yao ina kinga ya kuushinda yenyewe. Dawa mseto ni ya miezi 6 au 12 kulingana na aina, na inatolewa bure. Mgonjwa akishaanza dawa, haichukui muda hawezi tena kuambukiza. Mjomba wako alimaliza dawa miaka ya tisini. Hana ukoma. Alichonacho ni kovu la ukoma. Mtu aliyepona kuvunjika mguu akabaki anachechemea, utasema bado amevunjika?

Vidole havikukatika kwa kuoza kama wanavyosema mitaani. Mishipa ya fahamu ilikufa, mkono ukawa hausikii, akawa anaungua na kujikata bila kujua, vidonda vikaingia mpaka kwenye mfupa. Ndiyo maana huo unyayo unafunguka: anakanyaga jiwe na hana habari. Kila jioni mkague nyayo. Aloweke kwenye maji ya kawaida, YASIWE ya moto, kama nusu saa, apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, na asitembee peku. Chai asipewe kikombe cha bati, kinaunguza naye hasikii. Na hicho kidonda kionwe hospitali, muulizieni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Moto wa Madhabahu

Bwana Yesu asifiwe! Mama, mbona mnazunguka? Mlete mzee kwenye maombi, Mungu wetu anarudisha hata vidole. Tatizo la makanisa ya kikombe ni dini nyingi imani kidogo.

Mama Mbaazi

Mtumishi, nilimsomea mjomba ujumbe wako. Kasema asante, ila vidole vikirudi kucha zake atazikata kwa macho gani, maana hata sindano haioni tena. Kacheka mpaka kakohoa.

Mzee wa Lukuledi

Binti yangu, shikamoo siitaki, nisikilize tu.

Mtu wa Marko sura ya kwanza, mwenye ukoma aliyepiga magoti mbele ya Yesu, isome tena polepole. Bwana angeweza kusema neno tu, mbona mtumishi wa akida alimponya kwa neno akiwa mbali. Lakini huyu alinyoosha mkono akamgusa, tena ukoma ukiwa bado uko mwilini. Aligusa kwanza. Nyie mjomba wenu kashapona, na bado mnahesabu nani anywe kabla yake.

Halafu nikukumbushe jambo la kwetu hapahapa. Askofu wetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri Afrika Kusini, enzi za ubaguzi. Siku moja alimpita mama mmoja mweusi, mfanyakazi wa kawaida, aliyekuwa na mtoto wake. Padri akamvulia kofia. Basi, hakuna zaidi. Mzungu kumvulia kofia mama mweusi, nchi ile, wakati ule! Yule mtoto ndiye Desmond Tutu, na mpaka uzee wake alikuwa akiisimulia ile kofia. Sijui Huddleston alihubiri mahubiri mangapi maishani, na mimi mengine niliyasinzia. Kofia ndiyo imebaki.

Kwa hiyo usigombane na mtu kanisani. Jumapili ijayo kaa naye benchi la nyuma. Akinyanyuka wa mwisho, wewe uwe nyuma yake. Unywe baada yake. Usitoe hotuba.

Njomba Halisi

Mzee hapo umenitoa utani mdomoni.

Bin Lindi

Waalaikum salaam dada. Mimi Muislamu, ya kikombe siyajui, siingii. Ila bibi yangu mzaa baba alikuwa na hali hiyohiyo ya mjomba wako. Babu alikuwa na kawaida moja: mgeni yeyote akija, liwe shehe au karani wa mnada wa korosho, sinia likitengwa bibi anakaa palepale. Asiyetaka kula naye, hana njaa huyo. Tumekulia hivyo, tumezikana hivyo.

Ushauri wangu wa biashara, tofauti na wa Jiko la Faida: mrudishe mzee chini ya mwembe. Saa ya mchana keti ule naye, wewe mwenye jiko, mbele ya wateja. Mteja anamtazama mpishi. Akiona unakwepa, naye anakwepa.

Lakini nikuulize, na usinielewe vibaya. Huko ndani, mlango ukifungwa, mjomba anakula na nani?

Jiko la Faida

Swali zuri hilo.

Kengele ya Mkuti

Naona mwenye uzi kapotea siku ya tatu leo. Jamani tusimtishe, arudi.

Mama Mbaazi

Nipo. Nilikuwa naogopa swali la Bin Lindi.

Anakula peke yake. Ana sahani yake ya bati, ya bluu, imebanduka ukingoni. Kikombe chake nimekifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganyike. Naviosha vya mwisho, kwenye karai la peke yake. Hakuna aliyenituma. Sikuandika mwanzoni kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa sijaona kama ni kitu. Nilikuwa na hasira na mama wa kwaya, kumbe mimi ndiye niliyeanza, tena siku ileile niliyomshusha kwenye gari.

Na watoto wanaona. Wa mwisho ana miaka sita, aliniuliza kwa nini babu hali kwenye sinia letu. Nikamwambia babu anapenda kula polepole.

Sista Mstaafu, kwa hiyo sahani haina shida yoyote? Hata watoto?

Sista Mstaafu

Haina. Ukoma hauendi kwa sahani, hata wa mgonjwa mbichi, sembuse aliyepona kabla hujaolewa. Sabuni na maji kama vyombo vingine. Ukiwa bado na wasiwasi, wakague watoto ngozi kwa amani ya moyo wako: baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa kwa pamba mtoto hasikii. Hutaliona, lakini kagua. Na usijipige sana, mwanangu. Nimewaona wauguzi wenzangu, waliosomea, wakipokea kadi ya mgonjwa kwa ncha mbili za vidole.

Moto wa Madhabahu

Mama, barikiwa kwa kusema kweli. Na mimi nimejitazama. Hapo juu niliongea haraka.

Mama Mbaazi

MREJESHO. Samahani nimechelewa, nilikuwa na shughuli ya kipaimara.

Kanisani nilifanya alivyosema Mzee wa Lukuledi. Nilikaa nyuma, nikaenda mezani baada ya mjomba. Jumapili ya pili mume wangu naye akaja nyuma yangu, na huyu huwa hapendi kutazamwa. Mama wa kwaya hajasema kitu, anashiriki mapema na kurudi kwaya. Padri hakugusia, ila baada ya ibada alimshika mjomba mkono ule wa kulia, akauliza habari za mikorosho, na hakuuachia mpaka alipojibiwa yote, na mjomba akianza mikorosho hamalizi leo.

Biashara, nisiwadanganye, haijarudi. Bodaboda wawili wamerudi, yule aliyecheka hajarudi. Mjomba yuko chini ya mwembe. Nimepunguza unga.

La nyumbani ndilo linanipa shida kulieleza. Nilikata ule uzi mwekundu usiku, wote wamelala. Kesho yake nikatenga sinia moja, ugali na kisamvu, nikamwita. Akaja, akanawa, akakaa. Watoto wakaanza, yeye mkono kauweka pajani. Nikamwambia mjomba karibu. Akasema, "Ugali wa sinia unafuka, mwanangu. Ule wa sahani yangu ulikuwa unaupoza kwanza. Nilijua ndiyo maana umenitengea, mkono huu hausikii moto."

Miezi yote ile sikuwahi kupoza ugali wake. Sijui kama ndivyo alivyoamini au alikuwa ananisitiri mbele ya mume wangu na watoto. Sikuuliza. Yule wa miaka sita akamega tonge, akalipuliza weee mpaka likapoa, akamwekea upande wake wa sinia. Ndiyo kazi yake sasa, na hataki mwingine aifanye.

Sista, kidonda kimeonwa, wanamsafisha mara mbili kwa wiki. Wamesema asitembee peku ila kandambili zinamtoka. Ni nani hapa Masasi au Ndanda anayeshona viatu vya soli laini, vya kufunga nyuma? Mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, itabidi apimwe.

Sista Mstaafu

Usinunue vya dukani. Chora nyayo zote mbili kwenye karatasi akiwa amesimama, kisha njoo faragha nikuelekeze kwa fundi.