Naombeni ushauri: nawezaje kuharakisha kulaza juisi ya vepu? Nina siku tatu tu

Mchanganyaji Mpya
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mgeni kwenye kuchanganya juisi ya vepu (sigara ya kielektroniki) nyumbani, naombeni mnishike mkono. Nimetengeneza chupa moja ya mililita 100, vanila na mnanaa. Leo ni siku ya tano tangu niilaze kabatini, yaani niiache itulie ladha zichanganyike, na bado haijakaa sawa. Vanila huisikii kabisa, mnanaa unachoma, na ukivuta koo linakwaruza. Kila ninapouliza naambiwa vanila ilazwe wiki 2 hadi 4. Mimi wiki 2 sina. Leo Jumatano, na Jumamosi nataka kumkabidhi mtu.

Nasikia kuna wanaoloweka chupa kwenye maji ya moto, wengine wanatumia ile mashine ya altrasoniki ya kusafishia miwani, wengine wanaanika juani, na kuna aliyeniambia maikrowevu sekunde 10 zinatosha. Ipi inafanya kazi kweli? Nisaidieni njia ya haraka tu jamani. Kusubiri nakujua, ila siwezi.

Fundi Koili
Karibu mkuu. Maikrowevu sahau: inachemsha upande mmoja na kuacha mwingine baridi, na chupa ya plastiki inaweza kulegea. Jua nalo sahau, mwanga unaharibu nikotini.

Maji ya moto yanasaidia, na sababu yake ni rahisi. Gliserini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya juisi yako, ni nzito, inatiririka kama asali. Ladha nyingi zimeyeyushwa kwenye propilini glaikoli, yaani PG, ambayo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo zinachukua muda kusambaa ndani ya gliserini. Ukipasha, gliserini inalegea na ladha zinasambaa upesi. Kaza kifuniko, tia chupa kwenye mfuko usiopitisha maji, izamishe kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60 kwa nusu saa, itoe, itikise kwa nguvu dakika 2, iache ipoe. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Altrasoniki inafanya kazi hiyohiyo, inatikisa kwa mawimbi badala ya mkono.

Nawaambia wageni siku zote: pasha msingi (gliserini na PG) na ladha kwanza, nikotini itie mwishoni vikishapoa. Wewe umeshaitia, basi usizidishe moto.

Sauti ya Busara
Ndugu yangu, hakuna anayekuuliza kwa nini unajitengenezea kitu cha kuvuta jikoni kwako? Mapafu yameumbwa kwa ajili ya hewa. Mimi nilivuta sigara miaka 11, nikahamia vepu, nikajidanganya miaka 3 mingine. Siku niliyoacha vyote ndipo nilipopanda ngazi bila kusimama katikati. Haraka yako yote hiyo ungeielekeza kwenye kuacha ungekuwa mbali sana. Nisamehe kama nimekukwaza, nayasema kwa nia njema.

Mzee wa Pamba
Mnanikumbusha chupa yangu ya kwanza. Niliiacha dirishani wiki nzima, kifuniko wazi, eti "ipumue". Nikaikuta imegeuka rangi ya chai ya rangi nikafurahi, nikajua imeiva. Kuvuta mara ya kwanza, koo kama nimelamba pilipili manga. Ile ilikuwa nikotini iliyoungana na oksijeni. Rangi inadanganya jamani. Vanilini, kiini cha ladha ya vanila, nayo inafanya juisi iwe kahawia, na hiyo haina shida yoyote. Kwa hiyo msipime kuiva kwa macho. Kupumua kunasaidia pale tu ladha ina alkoholi inayotakiwa kuruka, na saa chache zinatosha.

Siku hizi naweka tarehe kwenye chupa, nafunga, naingiza kabatini na kusahau. Nina chupa ya kastadi ina wiki ya sita sasa, sijaigusa.

MamaMizani
Mchanganyaji, kabla hujapasha chochote nijibu haya. Uwiano wa gliserini na PG ni upi? Nikotini miligramu ngapi kwa mililita, na uliipimaje? Ladha umeweka asilimia ngapi? Na hizo ladha ni za aina gani?

Mchanganyaji Mpya
Asante Fundi Koili, naweka maji jikoni sasa hivi. MamaMizani, uwiano ni 70 kwa 30. Nikotini ni miligramu 6 kwa mililita. Nilikuwa na chupa ya miligramu 100 kwa mililita, nikatia mililita 6 nikijazia hadi 100. Nilivaa glavu, na nilipima kwa mizani ya gramu yenye desimali mbili. Vanila ni asilimia 5. Mnanaa kidogo tu. Ladha ni za kawaida.

MamaMizani
Hesabu ya nikotini iko sawa, hongera, wengi wanakosea hapo. Vanila umeitaja kwa asilimia, mnanaa unasema "kidogo tu". Chupa ya mnanaa imeandikwaje? Isome neno kwa neno uniandikie hapa.

Fundi Koili
Mama naye, mnanaa ni mnanaa. Kijana, maji yasizidi nyuzi 60.

Mchanganyaji Mpya
Nimepasha mara mbili. Sasa kuna kitu nataka kuuliza. Ikipoa juu panabaki ngozi nyembamba inayong'aa, kama juu ya supu. Ilikuwepo hata kabla sijapasha, nilidhani ndiyo maana ya "haijaiva". Nikitikisa inapotea, baada ya saa moja inarudi. Je, altrasoniki itaimaliza?

MamaMizani
Hujanijibu. Chupa ya mnanaa imeandikwaje?

Mchanganyaji Mpya
Imeandikwa mafuta ya mnanaa katika mafuta ya alizeti. Ni ya asili kabisa, haina kemikali. Niliweka matone 12 tu kwenye mililita 100. Jamani, hayo mafuta ya alizeti watu wanakula, sidhani kama matone 12 yana tatizo. Ninachotaka ni yachanganyike. Na sipendi kumwaga, nikotini niliyokuwa nayo karibu yote iko humo.

MamaMizani
Weka chupa chini. Usipashe tena na usiipeleke kwenye altrasoniki.

Hiyo ngozi ni mafuta ya alizeti. Ni mepesi kuliko gliserini ndiyo maana yanaelea, na hayayeyuki kwenye gliserini wala kwenye PG. Ungelaza juisi hiyo mwaka mzima, ngozi ungeikuta palepale. Kulaza kunasaidia vitu vinavyoyeyuka visambae, na vingine viungane polepole; vanilini, kwa mfano, inaungana na PG kidogo kidogo na kufanya kitu kipya kiitwacho asetali, ndiyo maana ladha yake inabadilika wiki hadi wiki. Mafuta hayamo kwenye hesabu hiyo.

Altrasoniki ndiyo ingekuponza kabisa. Ingeyapasua mafuta kuwa matone madogo mno yasiyoonekana, juisi ikawa na ukungu mweupe, ukadhani imeiva. Sasa hivi angalau unayaona.

Na habari ya kuliwa: tumbo lina nyongo na vimeng'enya vya kusaga mafuta. Mapafu hayana. Mafuta yakifika kule yanakaa, seli za kinga zinajaribu kuyameza zinashindwa, panavimba. Kuna aina ya nimonia inaitwa nimonia ya mafuta, na ilijulikana zamani kabla ya vepu, kwa watu waliokuwa wakitia matone ya mafuta puani.

Sauti ya Busara
Ndiyo yale ya Marekani 2019, wavuta vepu walipougua mapafu. Hadi Februari 2020 walihesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, vifo 68. Nilisema mapema.

Fundi Koili
Tuwe wakweli ndugu. Wengi wa wale walikuwa wamevuta juisi za bangi zilizoongezwa asetati ya vitamini E. Juisi ya kawaida ya nikotini ni habari nyingine. Ila nakubali, asetati ya vitamini E nayo ni kitu cha mafuta. Mchanganyaji, nakutaka radhi. Nilikimbilia kukupa njia kabla ya kuuliza kilichomo. Achana na maji ya moto.

Mzee wa Pamba
Nina shemeji aliwahi kutia mafuta ya mkaratusi kwenye tangi la vepu yake akiwa na mafua. Pamba inayonyonya juisi ilinuka wiki mbili na lile tangi la plastiki likapasuka nyufa. Tukalitupa.

Mchanganyaji Mpya
Nimewaelewa, ila naomba mnisikilize na mimi. Juisi hii ni ya baba yangu. Amevuta sigara tangu kabla sijazaliwa, na leo ni siku ya tisa hajawasha hata moja. Alianza na juisi ya mnanaa aliyopewa na rafiki yake, ikaisha. Ameniambia Jumamosi kama hakuna ya mnanaa anarudi kwenye sigara, na namjua, atarudi. Sigara ni mbaya kuliko matone 12. Ameshaitumia siku mbili sasa na hajalalamika, zaidi ya kikohozi kidogo.

Shahidi wa Pili
Hapa mimi nasimama. Asubuhi ulisema unataka kumkabidhi mtu Jumamosi. Sasa huyo mtu ameshaitumia siku mbili. Mwanzo ukasema ladha ni za kawaida, baadaye zikawa mafuta ya alizeti. Baba hakuwepo, ghafla yupo, na ana kikohozi. Akaunti yako ina siku moja. Kila mtu akipoa unaongeza kitu kipya. Wakuu, tumeshaona mada za namna hii, mtu anatunga hadithi kuona nani atahangaika. Hakuna baba hapa.

Mzee wa Pamba
Hata mimi nilishangaa. Mtu anajua kupima nikotini kwa desimali mbili halafu hajui mafuta yanaelea?

Fundi Koili
Inawezekana kabisa. Mafunzo yote ya wageni yanakazania nikotini, kwa sababu ile ya miligramu 100 ukiimwagia ngozi inakuingia. Kuhusu mafuta wanaandika mstari mmoja, watu wanaupita.

Shahidi wa Pili
Basi aeleze hizo siku mbili zimetoka wapi.

Mchanganyaji Mpya
Nitaeleza. Jumatatu usiku nilimkuta baba amesimama mlangoni na kiberiti mkononi. Sigara hakuwa nayo, kiberiti tu. Nikamimina mililita 10 kutoka kwenye chupa ambayo haijaiva nikampa. Sikuandika kwa sababu nilijua mtasema juisi ya siku tatu hapewi mtu, na mafuta sikuyataja kwa sababu moyoni nilishaanza kuyaogopa. Nilitaka mniambie yataisha yakilazwa. Shahidi, kama huamini sina cha kukuonyesha. Akaunti ni mpya kwa sababu tatizo ni jipya.

MamaMizani
Mimi nitajibu kama ni kweli. Ikiwa ni uongo, nimepoteza dakika 10 za kuandika. Ikiwa ni kweli na tukanyamaza, kuna mzee anavuta mafuta usiku huu.

Mchanganyaji, fanya haya. Chukua ile chupa ndogo kwa baba leo hii, usingoje kesho. Badilisha koili (waya unaopasha juisi) na pamba, na tangi lioshe kwa maji ya moto na sabuni, maana pamba imeshika mafuta. Hicho kikohozi kinaweza kuwa cha kuacha sigara tu, wengi wanakohoa wiki za mwanzo, lakini wewe na mimi hatuwezi kujua. Apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe wazi kwamba amevuta mafuta ya alizeti siku mbili. Msimwambie "vepu" mkaishia hapo. Akipata homa, kifua kubana au pumzi kumpungua, msisubiri miadi, nendeni muda huohuo.

Sasa swali lako la haraka. Juisi isiyo na ladha hailazwi. Gliserini, PG na nikotini, ukitikisa vizuri ikachanganyika, inavutwa siku hiyohiyo. Haina utamu wowote, lakini kinachomsimamisha mlangoni na kiberiti ni nikotini, vanila haihusiki. Na kama ni lazima apate ubaridi, tumia menthol ya fuwele iliyoyeyushwa kwenye PG, au konsentreti (ladha iliyokolezwa) ya mnanaa iliyotengenezwa kwa ajili ya vepu, iliyo kwenye PG. Ladha za mnanaa na za matunda nyingi siku moja au mbili zinatosha. Zinazodai wiki ni vanila, kastadi na tumbaku. Umechagua ladha ya polepole kwa mtu mwenye haraka.

Sauti ya Busara
Hapo mama nimekuelewa. Siku ya tisa ndiyo ilinishinda mimi mara ya kwanza. Mwambie mzee ya kumi na nne inakuwa nyepesi. Mimi kwangu ilikuwa hivyo.

Mchanganyaji Mpya
Nimeichukua. Alikuwa amebakiza kama mililita 4. Nilipomwambia sababu alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwachia ladha ya mbegu mdomoni. Alikuwa akiisikia siku zote mbili, akaogopa kunivunja moyo. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Nikotini iliyobaki inatosha mililita 30 za juisi tupu, nimeshazichanganya, miligramu 6 ileile, na ameivuta mbele yangu. Amesema haina maana yoyote, ila mkono umetulia.

Shahidi wa Pili
Ile chupa kubwa iko wapi?

Mchanganyaji Mpya
Kabatini. Nilidhani nikiiacha wiki mafuta yatapanda yote juu niyachote kwa bomba la sindano, nisipoteze nikotini.

MamaMizani
Huwezi kuyachota yote, na utakayoyaacha hutayaona. Humo mna miligramu 500 za nikotini na zaidi, na inanukia vanila. Kuna mtoto nyumbani?

Mchanganyaji Mpya
Wa dada yangu, ana miaka mitatu.

MamaMizani
Itoe kabatini sasa.

Mchanganyaji Mpya
Nimeitoa. Nimeifunga kwa utepe wa gundi, nimeandika SUMU pande zote mbili, nimeiweka juu kwenye sanduku lenye kufuli hadi nijue inapopokelewa taka za kemikali.