Wakuu, tupeane uzoefu: Singletoni, Bilda, Faktori, ipi ilikutoa jasho?

Habari za jioni wana kusini. Zile dizaini pateni (mbinu zilizozoeleka za kupanga programu) 5 za kuunda objekti, yaani kitu ndani ya programu chenye data na kazi zake, kati ya 23 za kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994, wengi tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi Singletoni ndiyo iliyonitesa. Niliandika kwa lugha ya Java programu ya mizani ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Newala. Klasi (ramani ya kuundia objekti) ya kutoa namba za risiti nikaifanya Singletoni: objekti moja, kila mtu achote hapo. Nikijaribu nyumbani, safi. Msimu unafunguliwa Oktoba, mizani mbili zinapima kwa pamoja, wazee wawili wanatoka na risiti za namba ileile! Kumbe thredi mbili, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, ziliuliza "objekti ipo?" kwa mpigo, zote zikaambiwa haipo, kila moja ikaunda yake. Nikahamia kwenye enamu (aina ya klasi yenye objekti zilizotajwa tangu mwanzo), Java yenyewe inasimamia ibaki moja. Nyie je?

Mwana Mikindani: Pole mkuu. Ila ukiwa na kompyuta mbili hata enamu haikuokoi, kila programu inayoendeshwa ina Singletoni yake. Namba iachie databesi.

Mwana Mikindani tena: Mimi nililizwa na konstrakta (kipande cha klasi kinachounda objekti) ya vigezo 9, yaani thamani 9 za kuipa kwa mpangilio. Uzito wa jumla na uzito wa gunia, zote namba tupu, nikazigeuza. Bibi wa watu aliyeleta kilo 80 akasomeka ana hasi 79, yaani yeye ndiye anadaiwa korosho! Bilda ikanitoa hapo, maana kila thamani unaiweka kwa jina lake.

Wa Nachingwea: Sisi wa lugha ya Python tunataja jina la kigezo pale pale, biashara imeisha.

Mlima Ufuta: Nilianza na korosho, ukaja ufuta, zikaja mbaazi, masharti ya "if" (kama ni zao hili, fanya hivi) yakajaa kila faili. Faktori Metodi ikasafisha: klasi mama inasema "unda risiti", klasi mtoto inajua ya zao lake. Nikanogewa, nikapanda hadi Abstrakti Faktori, iunde familia nzima ya kila zao: risiti, fomu ya ubora, lebo ya gunia. Mteja alitaka risiti tu. Msimbo wa programu wa wiki mbili niliufuta usiku mmoja.

Mtoa mada: 😂 Prototaipu, ile ya kuunda objekti kwa kunakili iliyopo, hakuna aliyeigusa?

Dada wa Masasi: Niliigusa ikaniunguza. Nilinakili objekti ya msimu uliopita nipate ya mwaka huu, kumbe nakala ya juujuu, orodha ya wakulima ni ileile moja. Nikafuta waliohama, wakapotea hadi kwenye hesabu za mwaka jana. Bahati nilikuwa na bakapu kwenye flashi.