Sofa za Keko: nakaguaje kabla sijatoa hela?

mpangaji_mpya: Wakuu habari za mchana, naombeni mwongozo. Nataka sofa ya L ya sebuleni, nimezunguka Keko hapa Dar leo mpaka miguu inauma, zote zinang'aa na kila fundi anaapa mbao ngumu sponji orijino, ila huyu laki saba yule milioni na nusu na muundo ni uleule. Kitambaa nakiona, cha ndani je? Mnakaguaje?

fundi_randa: Kitambaa ndo angalia mwisho kabisa. Shika kona moja ya mbele nyanyua kama shibiri hivi, mguu wa pili wa mbele ukichelewa kufuata ujue fremu inapinda, hapo kapiga misumari tupu, hamna gundi wala vipande vya kukaza kona. Alafu lilaze chali, chini kuna kile kitambaa cheusi cha pini, mwambie atoe pini tatu nne upande mmoja umulike na tochi ya simu. Humo ndo utajua kama mikanda ya mpira imesukwa ikapishana na imebana, au kaweka miwili mitatu akaziba na kiroba. Ukiona vitundu na unga unga kwenye mbao hao bungua washaanza kula, achana nalo. Gonga na mkono wa sofa, wengine ndani wanaweka boksi.

mama_wawili: Na mito fungua zipu jamani!! Wanajaza chenga za sponji, baada ya muda inakua mabonge mabonge.

mdau_wa_temeke: Hapo kwenye sponji wengi wanapigwa, fundi akikwambia "ngumu" haimaanishi nzuri. Kuna ngumu nyepesi inayobonyea mapema tu, ulizia densiti, yaani uzito wa sponji kwa kilo kwenye mita moja ya ujazo, ya kukalia nataka 28 kwenda juu, ya mgongoni hata 20 sio mbaya. Ikanyage na goti, ukigusa mbao basi.

mpangaji_mpya: Nimerudi leo. Wa laki saba kagoma kufungua, eti kitambaa kitaharibika. Wa milioni na nusu kafungua mwenyewe, mikanda imebana fresh, kona zina vipande, sema mbao nyeupe ina vifundo vingi na yeye anasema ni mbao ngumu ya mkongo??

fundi_randa: Mkongo una wekundu bwana, hiyo paini. Paini sio mbaya kama imekauka na imepigwa dawa, shida ni mbichi, ikikaukia ndani misumari inalegea sofa linaanza kulia kila ukikaa. Ishike, ukihisi ubaridi wa majimaji iache. Kama kavu chukua ila umlipe bei ya paini, sio ya mkongo.

mama_wawili: Anzia laki tisa 😂