Tupeane uzoefu: kurudi mchakamchaka baada ya malaria (Mwanza na kandokando ya ziwa)

Mleta mada
Wakuu, kila baada ya mvua kuna watu wanapotea kwenye kikundi wiki mbili tatu. Wakirudi wanakimbia kama walivyoondoka, halafu wanapotea tena. Leteni yanayofanya kazi: siku ngapi, dakika ngapi, kipi kinaharibu. Za "mimi niliumwa sana" tuziache, tupeane vya kutumia.

Mdau wa Kirumba
Hesabu isianze siku homa iliposhuka, ianze siku ya kidonge cha mwisho. Dawa mseto ya ALU kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, maana tumbo tupu halifyonzi dawa hiyo vizuri. Wanaoacha siku ya pili kwa kuwa wamechangamka ndio hao tunaowasubiri tena.

Mdau wa Nyegezi
Miguu hurudi kabla ya damu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Vimelea hupasua chembe nyekundu, na bandama nayo huondoa nyingine nyingi ambazo hata hazikuingiliwa. Kwa hiyo damu inaweza kuendelea kushuka siku kadhaa baada ya homa kuisha, na kuijaza tena ni kazi ya wiki. Kapime wingi wa damu kabla ya kufunga kamba za viatu. Mwanaume chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12, huo ni upungufu: zungumza na daktari, na utembee tu kwanza.

Damu ikiwa sawa, ratiba ya tahadhari ni hii. Wiki ya kwanza baada ya dozi, kutembea dakika 15 hadi 20, tena kama homa haipo bila msaada wa parasetamo. Wiki ya pili dakika 30. Wiki ya tatu kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Wiki ya nne kimbia 3, tembea 1, mara sita. Wiki ya tano ingia na kikundi dakika 20, kisha geuza. Kupanda vilima vya Bugando au Isamilo kusubiri wiki ya saba.

Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani hesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Yakizidi kawaida yako kwa 10, leo viatu vibaki mlangoni.

Mdau wa Igogo
Kinachoponza kwenye kikundi ni chenja, zile nyimbo za kuitikiana mkikimbia. Wimbo ukikolea mwendo unapanda, na hakuna anayetaka kuonekana legelege. Ila wimbo huohuo ndio kipimo: ukiitikia mstari mzima bila kukata pumzi, mwendo ni wako. Ukianza kumeza maneno, tembea. Kaa nyuma, upande wa nje, ili ukitoka usigongane na mtu, na mwambie kiongozi mapema asikupigie filimbi.

Mdau wa Butimba
Chakula: maini, nyama nyekundu, dagaa, maharage, mchicha. Sato ni mtamu lakini kwa madini ya chuma hafikii maini. Kamulia limao kwenye mboga na maharage. Chai iache hadi saa moja baada ya kula, inazuia chuma kufyonzwa. Najua chai ya asubuhi ni vigumu kuiacha, basi ihamishe.

Mdau wa Ilemela
Mkutano wa saa 11 alfajiri ni saa za mbu wa malaria bado. Msinyooshe viungo mmesimama kwenye majani. Mikono mirefu, soksi ndefu, dawa ya kufukuza mbu kabla ya kutoka nyumbani.

Mdau wa Nyegezi
Nyongeza. Homa ikirudi ndani ya mwezi, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria hata kama vimelea vimekwisha, kwa sababu mabaki yao hukaa kwenye damu wiki kadhaa. Omba kipimo cha hadubini. Mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, macho ya njano, au moyo kwenda mbio umekaa tu: hospitali siku hiyohiyo.

Mdau wa Mkuyuni
Na ile ya kumaliza mbio kisha kujitosa ziwani kupoa? Kichocho nacho kinakula damu polepole, na watu wanasema "malaria haijaisha". Kujikausha haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo mwenye kilo 60 ni vidonge vinne vya 600. Haiui minyoo michanga, ndiyo maana ukimeza kesho yake baada ya kuogelea haisaidii; muulize daktari umeze lini. Beba dumu la lita tano la maji ya bomba, linatosha kunawa.