Kituo kizuri cha skii hutambulikaje kabla ya kulipa?

Mama Zawadi, Munich

Ndugu wanajukwaa, habari za baridi. Mimi na mume wangu tunaishi Munich pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa, na katika likizo ya shule ya Februari tumekusudia kuwapeleka milimani kwa wiki nzima ili wajifunze skii kama wenzao wa darasani. Sisi wazazi hatujawahi kuteleza kwenye theluji hata kidogo. Nimesoma matangazo ya vituo vya Austria na Ufaransa, na kila kimoja kinajisifu kwa kilomita za njia zake, idadi ya lifti zake za kupandisha watu mlimani na picha za jua, kiasi kwamba sioni tofauti yoyote kati yao. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni mambo gani hasa hufanya kituo kiwe kizuri au kibaya, na niulize nini kabla ya kutoa fedha ambazo hazitarudishwa.

Mzee wa Lifti, Tirol

Mama Zawadi, mimi nafanya kazi ya lifti katika bonde mojawapo la Tirol, huku Austria, kwa hiyo nitaanza na theluji, kwa sababu isipokuwepo hayo mengine yote hayana kazi. Matangazo hutaja urefu wa kilele. Wewe tafuta urefu wa kijiji, na hasa urefu wa mahali wanapofundishiwa wanaoanza. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, hivyo kuna siku nyingi ambazo bondeni inanyesha mvua ilhali juu inaanguka theluji. Hapa Tirol, Kitzbühel iko kwenye mita 760 hivi juu ya usawa wa bahari, Obergurgl iko karibu na mita 1,930, na Val Thorens ya Ufaransa iko kwenye mita 2,300. Februari ikiwa na joto, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mwanao atajifunzia kwenye theluji au kwenye matope.

Baada ya urefu, uliza mlima umeelekea wapi. Huku, majira yote ya baridi jua hupita upande wa kusini na halipandi juu sana, kwa hiyo mteremko unaotazama kaskazini hubaki kivulini na kuitunza theluji yake, lakini unaotazama kusini huyeyuka mchana na kuganda usiku, na asubuhi unaukuta umekuwa barafu tupu.

Wageni wengi huamini kwamba mashine za kutengeneza theluji zimemaliza tatizo hilo, nami huwaambia kila mara kwamba hazijalimaliza. Mashine hurusha matone madogo ya maji ili yagande yakiwa hewani, na kwa hiyo inahitaji baridi ya nyuzi 2 hivi chini ya sifuri au zaidi, tena hewa iwe kavu kiasi. Katika wiki ya joto na unyevu, hata mashine mia moja hazitatoa kitu. Kituo kinachoendeshwa vizuri huzitumia mapema, mara tu baridi inaposhika, kujenga tabaka la chini linaloweza kuvumilia hadi Machi, na kila usiku hulisawazisha kwa matrekta yake.

Jambo la mwisho, ambalo karibu hakuna mgeni anayeliuliza, ni njia ya kurudi kijijini jioni. Saa kumi watu wote hushuka kwa pamoja, theluji imekwisha kuchakazwa, miguu imechoka, na wenye mwendo wa kasi wanawapita wanaoanza kwa karibu mno. Hapo ndipo ninapowaona watoto wakilia. Uliza kama anayeanza anaweza kushuka kwa gari la kebo badala ya kulazimika kuteleza hadi chini. Kituo ambacho hakina jibu la swali hilo, mimi nisingempeleka mwanangu.

Bi Rukia, Lyon

Nakubaliana na Mzee wa Lifti kuhusu theluji, ila naomba nipunguze kidogo uzito alioupa urefu. Kitzbühel iko chini, lakini mbio maarufu za skii za Hahnenkamm zimekuwa zikifanyika pale tangu 1931, na sijui mwanaskii atakayethubutu kukiita kituo hicho kibaya. Val Thorens, kwa upande wake, iko juu kuliko miti inavyoweza kuota. Siku ya ukungu, au theluji inapoanguka mfululizo, mbingu na ardhi huwa rangi moja, na kwa kuwa hakuna hata mti mmoja wa kukuonyesha mteremko unakoelekea, mtu hushindwa kujua kama anasogea au amesimama. Upepo ukizidi, lifti za juu husimamishwa. Kwa familia inayoanza ningechagua kijiji cha kati ya mita 1,400 na 1,900, chenye msitu kandokando ya njia.

Zile kilomita usizibabaikie. Mwaka 2013 mshauri wa Kijerumani, Christoph Schrahe, alipima njia za vituo vingi vikubwa na kukuta kwamba baadhi yavyo vilikuwa vimetangaza urefu mkubwa kupita wa kweli. Na hata zikiwa za kweli, ninyi mtatumia njia chache tu wiki nzima. Mnachohitaji ni uwanja wa wanaoanza ambao ni mpana, ulio kando na mapito ya wenye kasi, wenye mkanda unaotembea wa kuwapandisha watoto, na choo kilicho karibu (mwenye mtoto wa miaka sita aliyevaa nguo za theluji atanielewa). Kisha uliza: mwanafunzi akishauzoea uwanja huo, anakwenda wapi? Kuna vituo vyenye uwanja mzuri wa mazoezi, lakini njia inayofuata ni ya mwinuko mkali, na mtoto aliyeanza kuipenda skii siku ya tatu anaichukia siku ya nne. Ufaransa hupanga njia kwa rangi nne kuanzia rahisi hadi ngumu, yaani kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, ilhali Austria huanzia na buluu, na buluu ya kituo kimoja inaweza kuwa ngumu kuliko ya jirani yake. Kwa hiyo soma maelezo ya watu waliojifunzia hapo, usiitazame ramani peke yake.

Mkija huku, chungeni tarehe. Shule za Ufaransa zimegawanywa katika kanda tatu, na likizo zake za baridi hupishana kwa wiki nne kuanzia Februari. Wapangaji hubadilishana Jumamosi, na barabara ya kupanda bonde la Tarentaise, iendayo Val Thorens, hujaa magari tangu asubuhi.

Mama Zawadi, Munich

Ahsanteni sana, nimejifunza mengi kuliko niliyoyapata katika matangazo yote. Nina swali moja zaidi. Je, bei ya juu ya tiketi za lifti ni dalili kwamba foleni zitakuwa fupi na huduma itakuwa bora?

Kaka Juma, Denver

La, Mama Zawadi. Huku Colorado, tiketi ya siku moja ya Vail ukiinunua dirishani siku zenye watu wengi imekwisha kupita dola 300, na foleni utaipanga vilevile. Chanzo chake ni pasi za msimu, yaani tiketi moja ya kutumia msimu mzima: Epic, ya kampuni ya Vail Resorts, ilianza mwaka 2008, na mshindani wake Ikon akafuata mwaka 2018. Pasi huuzwa kwa bei nafuu kabla ya theluji kuanguka, na tiketi ya siku hupandishwa bei ili watu waikimbilie pasi, hivyo kampuni huwa imeshapata fedha zake hata msimu ukiwa mkavu. Ikija Jumamosi yenye theluji nzuri, wenye pasi wote hutokea kwa pamoja. Ndiyo maana nakiheshimu kituo kinachokubali kuuza tiketi chache, kama Deer Valley ya Utah ilivyojulikana kwa kuweka kikomo cha wateja wa siku.

Mimi hupima kituo kwa jinsi kinavyowatunza waokoaji wake wa mlimani. Hao ndio wanaoilipua theluji iliyojilimbikiza kabla haijaporomokea watu, wanaofunga njia zenye hatari na kuwashusha majeruhi kwa sleji. Mwishoni mwa Desemba 2024 waokoaji wa kituo cha Park City, Utah, waligoma kwa karibu wiki mbili wakidai mishahara bora, na kwa kuwa bila wao mlima hauwezi kufunguliwa kwa usalama, sehemu kubwa ilibaki imefungwa katika siku zenye wageni wengi kuliko zote. Watu walikuwa wamelipia hoteli na tiketi, wakaishia kusimama foleni.

Kuhusu foleni zenyewe, angalia aina ya lifti. Lifti ya viti ya kizamani, ambayo kiti chake kimeshikamana na waya muda wote, huenda mita 2.5 hivi kwa sekunde. Ile ya kisasa huachia waya kituoni ili upande taratibu, kisha huenda karibu mara mbili ya mwendo huo. Kwa mtoto anayeogopa kukaa, hiyo ya pili ni bora kabisa.

Mzee wa Lifti, Tirol

Kwa kuwa mnatoka Munich, itazameni pia Serfaus, kwenye mita 1,400 na kidogo. Kijiji kilipunguza magari barabarani kwa kuchimba reli ndogo ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1985, ambayo hupeleka watu kwenye lifti, na sehemu zao za watoto ni kubwa na zimepangwa vizuri. Mtoto aliyevaa viatu vya skii, ambavyo ni vizito na vigumu, hawezi kutembea robo saa kila asubuhi akiwa amebeba mbao zake za skii, kwa hiyo kokote mtakakokwenda, ulizeni umbali wa nyumba yenu hadi lifti ya kwanza. Vituo vingi huweka kwenye tovuti zao kamera za moja kwa moja na orodha ya lifti zilizo wazi. Zifuateni kuanzia mwanzoni mwa Januari, hasa siku za mvua na upepo, na mkimaliza wiki mbili niandikieni majina ya vituo viwili mlivyovipenda, nami nitawaambia walimu wa kila kimoja hufundisha watoto wangapi katika kundi moja.