Babu alikuwa injinia TVZ, hii 4.43 kwenye madaftari yake ni kitu gani?

MjukuuWaUnguja:
Assalam aleikum wadau. Babu yangu mzaa mama katutoka mwaka jana, Mungu amrehemu, alikuwa injinia wa elektroniki pale TVZ (Televisheni Zanzibar) tangu inaanza mpaka alipostaafu, sasa mama kanipa kazi niandike maisha yake watoto wasome wamjue. Shida mzee mwenyewe alikuwa mkimya, ukimuuliza kazini mnafanya nini anakwambia "tunawasha, tunazima" basi kamaliza. Kaacha madaftari na mita moja nyeusi nzito kama tofali, imeandikwa AVO. Ndani ya madaftari michoro ya saketi tupu, na karibu kila ukurasa kuna 4.43 imepigwa mstari chini. Bibi anasema labda deni la mtu 😂 Kuna anaejua?

FundiValvu:
Waaleikum salaam, poleni sana. Hilo si deni bana. 4.43 ni megahezi, ndo mawimbi yanayobeba rangi kwenye PAL, mfumo wa kurushia TV ya rangi. Habari ya mwanga na kiza inakwenda kivyake, rangi inapandishwa kwenye hiyo 4.43, halafu ndani ya TV yako kuna kristali inatakiwa iende sambamba na ya stesheni, zikipishana saketi inaikata rangi na nyumba nzima mnaangalia nyeusi na nyeupe. Kwahiyo mtu anaeipigia mstari kila ukurasa huyo kazi yake ilikuwa kulinda rangi, na rangi enzi zile si mchezo maana TVZ ilianza 1973/74 na rangi moja kwa moja. Kenya walikuwa na TV tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 lakini haina rangi, Afrika Kusini na utajiri wao wote wameanza 1976.

Kibanda_Umiza:
Na sie huku bara TV yenyewe mpaka 1994 😅 Dar kuna watu walikuwa wanapandisha antena kwenye mlingoti mrefu wainase Zanzibar, picha inakuja na chenga chenga lakini mtaa mzima umejaa sebuleni.

mzee_wa_mitambo:
Mjukuu, usiandike "fundi TV" ukaishia hapo, watu watadhani alikuwa anatengeneza TV za majirani. Stesheni inaanza asubuhi kabla watu hawajaona kitu, unapima kila kamera, unalinganisha rangi zifanane ili mtangazaji asibadilike sura akihamishwa kamera, na pale Mnazi Mmoja ya Unguja bahari iko karibu, hewa ya chumvi inakula plagi na viungio, unasafisha leo kesho imerudi kutu ya kijani. Spea zenyewe za kuagiza nje na fedha za kigeni hakuna. Hiyo AVO ni mita ya kupimia umeme, fungua nyuma utoe betri haraka, zikivuja zinaila mita.

MjukuuWaUnguja:
Subhanallah, betri kweli zimevuja, nimezitoa sasa hivi. Na nimerudi kwenye daftari, kuna kurasa kaandika "chumvi" na tarehe pembeni, chumvi, chumvi, sie tulidhani ni mambo ya presha yake ya damu 🙈

FundiValvu:
Hahaa. Hizo tarehe ndo rekodi yake ya matengenezo, zipange kwa miaka utapata nusu ya kitabu. Tuwekee picha ya mchoro mmoja basi tuone alikuwa anachora nini.