Gesi ya Msimbati: halmashauri imeachiwa asilimia 0.3, na hata hiyo haiwezi kuihakiki

Wakuu, tuache kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Visima viko Msimbati, Mtwara, mtambo wa kusafisha uko Madimba, huko huko Mtwara, na halmashauri ya wilaya haina kauli juu ya gesi hiyo. Sheria ya Petroli ya 2015 iliwapa PURA (mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji) visima, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ikapewa usafishaji, bomba na usambazaji, TPDC (shirika la mafuta la taifa) ikabeba biashara ya taifa. Madiwani wakitunga sheria ndogo lazima ipate kibali cha waziri, na ikigongana na sheria ya Bunge ni batili.

Mambo ya kiufundi yabaki huko huko juu, sina ugomvi. Bomba la inchi 36 linalopita mikoa kadhaa hadi Dar haliwezi kuwa na kanuni tofauti kila wilaya. Lakini pesa je?

Kilichobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma: usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Chukua mfano wa futi za ujazo milioni 80 kwa siku, kwa dola 3 kila futi 1,000. Mauzo dola 240,000, ushuru wa asilimia 0.3 ni dola 720. Ikiandikwa milioni 76 badala ya 80, halmashauri imepoteza dola 36 kwa siku, zaidi ya 13,000 kwa mwaka. Mweka hazina mwenye hundi na barua tu mezani atalijuaje hilo?

Na mita nazo zina mambo yake. Ile ya sahani yenye tundu ambamo gesi hupita, kingo za tundu zikilika inasoma pungufu, kimya kimya. Joto na mgandamizo visiporekebishwa kufikia kipimo cha mkataba (kawaida joto la nyuzi 60 za Farenhaiti na mgandamizo wa psi 14.7), ujazo wa kwenye ankara unakuwa wa kubuni.

Halafu mauzo yapi? Gesi ikipokelewa Madimba ina bei moja. Ikifika Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme Dar, imeshabebeshwa gharama za usafishaji na bomba, bei nyingine. Hiyo nyongeza itozwe wapi, penye mtambo au penye ofisi ya muuzaji Dar? Hapo ndipo vijijini wanapoliwa.

Zanzibar walibana, ingawa gesi asilia ni namba 15 kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na 2016 wakapata sheria yao ya mafuta na gesi. Mtwara walipokataa bomba 2013 walipelekewa wanajeshi.

Hatudai wizara. Kila mwezi, kabla ya hundi, mkurugenzi apate hati ya mita iliyosainiwa na muuzaji na mnunuzi, ankara zake, na cheti cha mwisho cha uhakiki wa mita. Karatasi tatu. Na siku ya kuhakiki mita, mtu wa halmashauri awepo pale Madimba aione sahani ikitolewa.

Mwenye hati ya mita ya mwezi wowote iliyowahi kufika kwenye kikao cha madiwani aiweke hapa.